Pingamizi, Wakili wa Wasio Bakteria

"Nani kati yenu amewapima akathibitisha kwamba wamekufa?"

Swali hilo liliulizwa Jumanne, tarehe 9 Agosti 1988, katika chumba cha mikutano cha kiwanda cha maziwa, chumba chenye meza ndefu iliyobabuka kwa vipisi vya sigara na feni iliyozunguka kwa manung'uniko, mbele ya wakuu wote wa idara, na mmoja akakohoa, mwingine akatazama saa yake, wa tatu akageukia dirishani kana kwamba wahusika wangepita nje, na aliyeuliza, ambaye ndiye huyu tuliyekusanyika leo kumsindikiza, akabaki amesimama, koti lake jeupe limejaa madoa ya tope, anawasubiri.

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, desturi ni kuanza na kuzaliwa, nasi tutafika huko sasa hivi, lakini familia imeona historia hii ipige hodi kwa swali hilo, kwa sababu waliokuwa wakisemwa kwamba wamekufa ni viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoishi katika tangi la gesi nyuma ya kiwanda kile, na Jumatatu ijayo kiwanda kile kile kimepanga kulifungua tangi lile lile na kumwaga kila kilichomo, na yule aliyekuwa akisimama kuwatetea leo amelala mbele yetu. Basi tusikilizeni, na msishangae tukienda mbio kidogo, mwenyewe hakuwahi kuongea polepole.

Marehemu shangazi yetu alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Juni 1957, katika nyumba za wafanyakazi wa hospitali ya mji, safu ya mwisho karibu na bomba la maji, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, mama yake akiwa mpishi katika jiko la wagonjwa na baba yake fundi cherehani aliyeshona mashuka ya wodini na sare za wauguzi, na inasemekana alitoka akilia kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, hata mkunga akamwambia bibi yetu kwamba huyu amekuja na kesi yake mkononi. Utoto wake ulipita kwenye mlango wa nyuma wa jiko lile, kati ya masufuria yaliyomzidi kimo, akimenya viazi na kuuliza maswali, na mama yake, aliyekuwa na mikono miwili na wodi nzima ya kulisha, alimjibu aliyoweza, na mengine akamwambia kamuulize mwalimu wako, jambo ambalo walimu hawakumshukuru kwalo.

Alisoma shule ya msingi ya hapo hapo hospitalini kuanzia Januari 1964 hadi 1970, akafaulu, na mwaka 1971 akaingia sekondari ya bweni ya wasichana, na huko ndiko alikopata jina ambalo wengi wenu mnamjua kwalo kuliko lile la kuzaliwa, kwani katika mdahalo wake wa kwanza alisimama kila baada ya sentensi kusema pingamizi, mheshimiwa mwenyekiti, pingamizi, mpaka mwenyekiti akaisahau mada yenyewe, akamwambia, "Wewe Pingamizi, kaa chini." Hakukaa, jina ndilo lililokaa. Huko pia alimpata rafiki yake wa maisha, msichana aliyefanana naye kama shilingi kwa ya pili, paji lile lile, pengo lile lile, mwendo ule ule wa kurusha mkono mmoja, ilhali hawana hata tone la damu wanalochangia, wametoka koo zisizojuana, na matroni aliwahi kumwadhibu mmoja kwa kosa la mwingine na mwingine kwa kosa la mmoja, mwisho akaamua kuwaadhibu wote wawili kwa pamoja ili haki isipotee. Rafiki huyo yupo nasi, na familia inawaomba radhi wote mlioshtuka asubuhi mlipomwona akiingia getini, na dada aliyeangusha sinia la vikombe tunaambiwa sasa anaendelea vizuri.

Mwaka 1978 marehemu alijiunga na chuo kikuu kusomea sayansi ya vijidudu, na mwaka 1980, katika maabara ya ghorofani iliyonuka spiriti na sabuni, likatokea jambo ambalo halikumtoka moyoni. Mhadhiri wao, mtu wa tai na mikono mirefu ya shati, aliwagawia wanafunzi chupa za tope la mtaroni, akawaagiza watie sukari, kisha watie penisilini, waone jinsi mapovu yatakavyokoma, ili iwe imethibitika kwamba dawa imewaua bakteria wote na tope limebaki tope tu, na kweli chupa za darasa zima zikanyamaza kama zilivyoagizwa, isipokuwa ya marehemu, ambaye kwa zile haraka zake alinyakua kopo lisilo la sukari, kopo la chumvi inayotokana na siki, akatia hiyo, na chupa yake ikaendelea kutoa mapovu kwa raha zake. Mhadhiri akasema dawa yake imeharibika, marehemu akamkumbusha kwamba dawa ilitoka katika kichupa kimoja na ya wenzake, mhadhiri akasema basi hakuitia, marehemu akaitia upya mbele ya macho yake, na mapovu hayakujali. Hapo ndipo aliposema neno lililomponza:

"Kama dawa ya kuua bakteria haiwaui, mimi nina haki ya kuuliza kama hawa ni bakteria."

Alipewa sifuri, ubao ukafutwa, darasa likaenda kula. Sifuri hiyo haijafutwa hadi leo, na familia inaitaja hapa kwa fahari, mbele ya wahadhiri wote waliofika, tena karibuni sana.

Yeye hakwenda kula, alikwenda maktaba, na katika majarida yaliyokuwa yakifika kwa kuchelewa, mengine bado yamefungwa kamba, akakuta kwamba miaka michache tu nyuma watafiti waliokuwa wakilinganisha maandishi ya urithi ya vijidudu mbalimbali walikutana na kundi lisiloingia popote, kundi la tatu la uhai, ambalo siku hizi linaitwa arkea, na hao watengeneza gesi wa matopeni walikuwa wamo. Rafiki yake, ambaye walikwenda pamoja hadi chuo kikuu, anasimulia kwamba marehemu alirudi bwenini akikimbia ngazi na viatu mkononi, akamwamsha usingizini, na kabla ya salamu akamwambia kwamba duniani wapo viumbe waliokaa kwenye kapu la watu wengine tangu darubini ilipovumbuliwa, na hakuna aliyewauliza.

Tuwaeleze kwa kifupi, maana hakuna aliyewahi kukaa meza moja na shangazi akaondoka bila kuelezwa. Ukiwaangalia kwa darubini, arkea na bakteria ni kitu kimoja, vijiti na vidonge vidogo, seli moja moja isiyo na kiini, ndiyo maana walimwengu wakawapa jina moja wakaenda zao, lakini ukuta wa bakteria wa kweli hujengwa kwa tofali la namna yake, na penisilini kazi yake ni kuvuruga ujenzi huo, ilhali arkea hawana tofali hilo hata moja, kwa hiyo dawa inafika na rungu lake inakuta nyumba ya udongo mwingine kabisa. Ngozi nyembamba iliyo chini ya ukuta nayo ni tofauti, mafuta yake yamefungwa kwa fundo jingine, fundo gumu, na wapo arkea wanaoishi katika maji yanayotokota na wengine katika chumvi ambayo ingemkausha samaki. Hajajulikana hata mmoja wao aliyethibitika kumtia binadamu ugonjwa, na ile gesi inayowaka, ya mabwawa, ya matumbo ya ng'ombe na ya matangi kama lile la kiwandani, wanaoitengeneza ni wao, bakteria hawaiwezi. Na jambo la mwisho, ambalo marehemu akilifikia aliweka kijiko chini, ni kwamba vyombo wanavyotumia kuusoma urithi wao vinafanana na vya kwetu sisi, watu na mimea na kuku, kuliko vinavyofanana na vya bakteria. "Sura si undugu," alisema, akimwonyesha rafiki yake kwa kidole, "mtazameni huyu, ni mimi mtupu, na hatuna babu mmoja." Kilichomkera zaidi ni kwamba hata waliowagundua waliwapa kwanza jina la kuazima, wakawaita bakteria wa kale, jambo ambalo alisema ni sawa na kumtoa mtu gerezani baada ya kumwona hana hatia, halafu ukaendelea kumwita mfungwa mstaafu.

Alihitimu Novemba 1981, chuo hakikumwomba abaki kufundisha, na tarehe 1 Machi 1982 akaajiriwa katika maabara ya kiwanda cha maziwa, chumba cha vigae vyeupe kilichopakana na mahali pa kupokelea madebe, ambako alipima maziwa ya kila mfugaji kabla hayajaingia, akapanda hadi kuwa mkuu wa maabara mwaka 1986, na alikuwa mkali hata wafugaji wakasema ng'ombe wenyewe wanasimama wima wakisikia anakuja. Nyuma ya kiwanda palikuwa na tangi kubwa la zege, nusu limezikwa ardhini, lililopokea maji ya kuoshea mitambo na mabaki ya maziwa, na kutoa gesi, na gesi ikaenda kwenye boila, na boila ikachemsha maziwa, na wakati wafanyakazi wengine walipopita pale wameziba pua, yeye alisimama akavuta hewa kama mtu aliyefika jikoni kwa mama yake. Alilieleza tangi lile kwa lugha ya jiko alilokulia, akisema kwamba bakteria ndio wapishi, wanapokea sukari na mafuta ya maziwa, wanayakatakata na kuyachachua mpaka yanakuwa vitu vyepesi kama siki, na arkea ndio walaji, hawajui kupika wala kumenya, chakula kisipotiwa mezani watakaa na sahani mbele yao wakingojea, lakini wakishakula hao ndio wanaotoa moto.

Aliyeuchochea moto huo alikuwa fundi wa boila, mtu wa maneno machache na masizi mengi, ambaye walianza kwa kubishana kuhusu rangi ya mwali, yeye akidai gesi ya wiki ile ni chafu, marehemu akidai kichomeo ndicho kichafu, wakaenda kukifungua pamoja ili aliyeshindwa aombe radhi, na mpaka leo hajapatikana mtu aliyesikia nani aliomba. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Desemba 1984, na siku hiyo shangazi yake bwana harusi, mama aliyekuwa na uoni hafifu na mawaidha tele, alimkumbatia yule rafiki wa bweni badala ya bibi harusi, akamvuta pembeni akampa mafunzo yote ya unyumba hatua kwa hatua, na rafiki yetu, kwa adabu zake, alisikiliza mpaka mwisho, na anakiri kwamba yamemfaa. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa Oktoba 1985, ambaye leo ni mfamasia, na mwana aliyezaliwa mwaka 1990, ambaye ni fundi umeme, na wajukuu ambao wote walijua kutamka arkea kabla ya kujua kufunga viatu.

Sasa tunarudi kwenye chumba kile cha mikutano. Katikati ya mwaka 1988 ugonjwa wa viwele uliwashika ng'ombe wa wafugaji wengi, wafugaji wakawadunga penisilini, na dawa ikaingia katika maziwa, na marehemu katika vipimo vyake akayakataa, lori baada ya lori, kwa kuwa maziwa yenye dawa hayanyweki, na hapo hakukosea mtu. Kosa lilikuja baadaye, kwa sababu maziwa yaliyokataliwa yalitakiwa kupelekwa mbali na kufukiwa, na mkuu wa uzalishaji, ambaye wafanyakazi walimwita Mzee Haraka, akaona taabu ya nini, shimo la maji machafu lipo hapa hapa, akaamuru yamwagwe humo, na shimo hilo mwisho wake ni tangini. Yaani kitu walichokiona hakimfai mtoto wa mtu wakampelekea mtumishi wao aliyewachemshia maziwa, wala hawakumwambia. Baada ya siku chache gesi ikaanza kukatika, boila ikawa inakohoa, maziwa yakawa yanasubiri moto, na Mhandisi wa kiwanda, mtu msomi, mchapakazi, tena mkweli, tusimsingizie, akafanya hesabu yake iliyonyooka, kwamba gesi inatengenezwa na bakteria, dawa inaua bakteria, dawa imeingia, kwa hiyo bakteria wamekufa, litolewe tope lote, tangi lisuguliwe, lianze upya, na kwa kuwa tope jipya lingechukua miezi kadhaa kukomaa, zamu ya jioni yote ipewe likizo isiyo na mshahara, na katika zamu hiyo alikuwamo mumewe.

Ndipo marehemu aliposimama na lile swali, kisha akawaambia kwamba gesi haitengenezwi na bakteria, na kwamba dawa ile haiwagusi wanaoitengeneza, na kwamba anavyoona yeye walaji wako hai wana njaa, waliokufa ni wapishi, na mtu haui walaji kwa sababu wapishi wamefariki. Mzee Haraka akacheka, akasema kama hao walaji wana njaa basi wapelekewe supu, mezani pakawa na kicheko, na Mhandisi akamuuliza kwa upole kama anajua anachokiweka rehani, kwa kuwa kila siku ya kuchelewa ni siku ya maziwa kuharibika. Marehemu akajibu kwamba anajua sana, na kwamba ikiwa amekosea ataondoka yeye kazini kabla ya zamu ya jioni, aliomba mpaka Ijumaa tu, na mumewe, aliyekuwa ameitwa kueleza hali ya boila na ambaye hakuwahi kufungua kinywa katika kikao cha wakubwa, akasema taratibu kutoka mlangoni, "Usiache mbachao kwa msala upitao," kisha akaona aibu akatoka.

Alichukua chupa tatu, akazijaza tope la tangi kwa namna ambayo hewa haikupata nafasi, maana hewa huwaua arkea hao mara moja, ya kwanza akaiacha na tope lake tupu, ya pili akaitia sukari, na ya tatu akaitia siki aliyoipoza kwa magadi, na katika mdomo wa kila chupa akafunga mrija mwembamba wa mpira na puto la mtoto wake. Siki ikikutana na magadi huchemka mapovu, kila mtu anajua, kwa hiyo aliichanganya pembeni mbele ya Mhandisi, akaiacha ikachemka ikamaliza hasira zake zote, akaitikisa mpaka ikawa kimya kama maji, ndipo akaitia. Alitaka kuziweka chupa kwenye joto la chumba cha boila, Mhandisi akakataa katakata, akasema mume wa mtu ana pumzi za kutosha kujaza maputo mia, basi wakakubaliana zikae ofisini kwa Mhandisi mwenyewe, ndani ya karai la maji ya uvuguvugu, mlango ufungwe na ufunguo ukae mfukoni mwake, na inasemekana karani wake alikuwa akienda kuchungulia kwenye tundu la ufunguo kila akipata udhuru, na kila akirudi anazungukwa kama mtangazaji wa mpira.

Ijumaa asubuhi mlango ulifunguliwa mbele ya wakuu wote na nusu ya kiwanda iliyokuwa imejipenyeza koridoni. Puto la kwanza lilikuwa limelala. Puto la pili, la sukari, lilikuwa limelala pia, kwa sababu hapakuwa na mpishi wa kuishughulikia sukari ile. Puto la tatu lilikuwa limesimama, jekundu, limevimba kama shavu la mtu anayejizuia kucheka. Mzee Haraka akasema hayo ni mapovu ya siki na magadi, hata mtoto wa shule anayajua, na marehemu, ambaye tunaamini alikuwa akiisubiri hoja hiyo tangu Jumanne, hata tangu 1980, akamgeukia:

"Mapovu ya magadi yanazima moto, baba. Leteni kiberiti, tuone haya yanafanya nini."

Hakutaka kukiwasha yeye, alimpa Mhandisi, Mhandisi akabana mpira, akausogeza mwali, akaachia, na moto wa buluu ukasimama mdomoni mwa mpira ule, wima, mtulivu, bila moshi, na koridoni pakapigwa kelele ambazo kinamama wa kufungashia jibini, upande wa pili wa uwanja, walidhani ni ajali. Mhandisi aliendelea kuushika mpira mpaka puto lilipokwisha na moto ukazimika wenyewe, akaweka kiberiti mezani, na, Mungu amrehemu, akasema mbele ya wote, "Nimehukumu bila kupima." Mzee Haraka naye, bila kuulizwa, akasema aliyeamuru maziwa yamwagwe shimoni ni yeye. Tangi halikumwagwa, maziwa yenye dawa yakasimamishwa, marehemu akaagiza samadi mbichi ya ng'ombe wasiodungwa ili kuleta wapishi wapya, walaji wakapozwa kwa siki mpaka wapishi walipozoea jiko, na kabla mwezi haujaisha boila ilikuwa ikinguruma, na zamu ya jioni haikulala nyumbani hata siku moja. Tangu siku hiyo, ndugu zangu, tope lile halijatolewa lote, waliomo leo ni vizazi vya wale wale waliowasha moto ule.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 2017, akaagwa na wafanyakazi ambao nusu yao walikuwa hawajazaliwa alipoanza kazi, lakini kustaafu kwake kulikuwa kwa jina tu, alikuwa akipita kila wiki kunusa, na akikuta kijana ameandika bakteria wa gesi mahali popote alisimama hapo mpaka maneno hayo yafutwe. Mumewe alitangulia mbele ya haki mwaka 2019, na baada ya hapo tulimwona akinyamaza kidogo, ila alipotajiwa tangi.

Mwezi Machi mwaka huu wa 2024 alianza kusumbuliwa na figo, akalazwa mara mbili katika hospitali ile ile alikokulia, na alipoandikiwa dawa ya kuua bakteria alimwambia daktari kijana, aliyekuwa na haraka, kwamba ameikubali, ila ajue kwamba humo tumboni pia wapo wapishi na walaji, na dawa hii itawamaliza wapishi, na walaji hawana kosa, daktari akavuta kiti, na raundi ya wodi ikachelewa mpaka muuguzi mkuu akaja kuuliza kuna nini. Mwishoni mwa Septemba alisikia kwamba gesi ya kiwandani imeanza tena kushuka, tangu ilipoletwa sabuni mpya ya kuoshea mitambo, na kwamba imeamuliwa tangi limwagwe, na akataka kuinuka. Binti yake akamwambia, mama, tulia kwanza, akamjibu, "Mimi nimetulia, kawaambieni na wao watulie." Alifariki Jumapili, tarehe 6 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, watoto wake wamemshika mikono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, na kwa namna ya pekee yule daktari kijana aliyevuta kiti, majirani waliopika, waliofagia, waliolala nasi chini bila kuhesabu siku, wafanyakazi wenzake wa zamani na wa sasa, kinamama wa jibini, na rafiki yake wa bweni, ambaye tunamwomba asichoke kuja nyumbani, watoto wanamhitaji, wala si kwa sura peke yake. Tunaushukuru pia uongozi wa kiwanda, uliotuletea maturubai, viti na gari la kumbeba, fadhila hiyo tumeiona na hatutaisahau. Shangazi, tunakulaza, wewe uliyesimama muda mrefu kuliko sisi sote, pumziko liwe jema kwako.

Na sasa, Meneja, umekaa pale mbele na tunakuheshimu. Hatusemi kwamba waliomo tangini wako hai, sabuni si penisilini, yaweza kuwa safari hii wamekufa kweli, hatujui, wala wewe hujui, kwa kuwa hajapima mtu. Siki ipo dukani, magadi yapo, chupa tutaleta sisi. Tunakuomba Jumatatu usilifungue tangi, subiri hadi Ijumaa.